UZI: Tufanyeje simu zetu zigawane mafaili zenyewe bila mwenye simu kuona anapunjwa?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kaskazini mwa Durban, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Msumbiji, Malawi na kwingineko. Sasa fikirieni hosteli ya chuo siku kama ile. Simu zaidi ya mia mbili ndani ya jengo moja, zote nzima, Wi-Fi na Bluetooth zake zinafanya kazi kama kawaida. Mwanafunzi anahangaika kushusha notsi ambazo jirani yake wa ukuta wa pili anazo tangu wiki iliyopita. Faili liko mita nne kutoka alipolala, lakini simu yake inalitafuta Ulaya.

Na hilo halingoji waya ukatike. Kila siku ndani ya daladala watu kumi wanashusha video ileile, kila mmoja kwa bando lake, kupitia mnara uleule, wamebanana bega kwa bega.

Vifaa tunavyo siku nyingi. Wi-Fi Direct, yaani simu kuongea na simu bila mnara wala ruta, ilitoka 2010, na Android ikaipokea kwenye toleo la 4.0 mwaka 2011. Kwa Bluetooth ya kawaida faili la MB 40 linachukua kama dakika tatu; kwa Wi-Fi Direct ni sekunde kadhaa tu. Na sisi kurushiana tunakujua: Xender, SHAREit, Zapya, siku hizi Quick Share. Ila huko ni kurushiana kwa watu wawili wanaojuana, wamekaa pamoja, mmoja kabonyeza kutuma na mwingine kabonyeza kupokea. Ninachotaka tujadili ni hatua inayofuata. Simu yangu ina faili, yako inalihitaji, zikutane stendi, zipeane zenyewe sisi tukiwa tunapiga soga. Hapo linakuja swali gumu: kwa nini simu yangu imalize chaji kwa ajili ya mtu nisiyemjua?

Mfano mzuri wa vifaa kushirikiana ulifanyika hapa jirani. Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wa Laikipia, Kenya, kola zenye GPS. Porini hakuna mnara. Basi kila kola ilitunza kumbukumbu zake, na pundamilia wawili wakikaribiana kola zilipeana zilicho nacho. Mtafiti akipita na gari akamkaribia mnyama mmoja, anaondoka na habari za wanyama wengi. Mradi uliitwa ZebraNet. Hakuna aliyehitaji kubembelezwa, maana kola zote zilikuwa za mwenye mradi mmoja. Simu zetu kila moja ina mwenyewe, na mwenyewe kaichaji kwa umeme alioulipia.

Watu wakiachiwa tu, matokeo yanajulikana. Mwaka 2000 Eytan Adar na Bernardo Huberman wa maabara ya Xerox PARC waliuchunguza mtandao wa Gnutella, ambako kila mtu aliombwa kugawa mafaili yake kwa hiari. Karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakutoa faili hata moja, na karibu nusu ya majibu yote yalitoka kwa asilimia 1 ya watoaji. Saba kati ya kumi ni wadandiaji.

Dawa zimejaribiwa kadhaa. Maarufu kuliko zote ni nipe nikupe, na aliyeiweka vizuri ni Bram Cohen na BitTorrent yake ya mwaka 2001. Faili linakatwa vipande, na unaposhusha vipande unavyokosa unawapa wenzako ulivyo navyo. Kila sekunde 10 programu inatazama nani anakupa kwa kasi, inawafungulia wachache, kwa kawaida wanne, na wengine inawafungia mlango. Halafu kila sekunde 30 inamfungulia mmoja kwa bahati nasibu hata kama hajakupa kitu. Hapo ndipo mgeni asiye na kipande hata kimoja anapata pa kuanzia. Hakuna hela, hakuna hakimu, hakuna daftari la miaka. Mimi nauheshimu sana ubunifu ule. Ila kwenye simu za mtaani unakwama, kwa sababu watu wa torrenti moja, yaani faili moja linalogawanwa kwa BitTorrent, wanataka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Stendi ya Mbezi mimi nina notsi za hesabu, wewe una mahubiri ya Jumapili. Wewe hutaki hesabu, mimi mahubiri hayo nimeshayasikia, na basi linaondoka baada ya dakika mbili. Tutabadilishana nini?

Wengine wakaja na sifa. Mwaka 2000 watu wa Stanford walipendekeza kila kifaa kimsikilize jirani yake kama kweli amepeleka mbele alichokabidhiwa, anayekwepa anarukwa. Mawazo ya kuhesabu alama za kila mmoja na kumtenga mchoyo yalifuata. Shida ni kwamba jina mtandaoni linabadilika haraka kuliko nguo. Mwaka 2002 John Douceur wa Microsoft alionyesha kwamba pasipo mamlaka moja ya kuthibitisha vitambulisho, mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu. Na ukimwachia mtu ajihesabie sifa mwenyewe ni hatari zaidi. KaZaA, programu nyingine ya kugawana mafaili, iliweka kipimo cha ushiriki ndani ya programu ya mtumiaji. Ikatoka KaZaA Lite iliyokuwa ikitangaza alama 1000 muda wote, mtu atoe asitoe.

Wengine wakaja na malipo. Levente Buttyán na Jean-Pierre Hubaux wa chuo cha EPFL, Uswisi, mwaka 2001 walipendekeza sarafu ya kidijiti waliyoiita nuglet: ukipeleka pakiti (vipande vya data) za wenzako unachuma, ukituma zako unatumia. Ili mtu asijichapishie sarafu, kila kifaa kilihitaji kijisehemu kisichochokonoleka. Nani atatuwekea hicho kwenye simu ya laki moja na nusu?

Msimamo wangu ni huu: tunaanzia mwisho. Kabla hujamlipa mtu, mwondolee gharama. Tangu 2019 iPhone inayopita karibu na kifaa cha Apple kilichopotea inasikia mlio wake wa Bluetooth na kupeleka taarifa kilipo, imefungwa kwa siri, na mwenye iPhone hana habari. Hakuna anayelipwa. Inafanya kazi kwa sababu mzigo ni mdogo hausikiki. Sasa linganisheni na Windows 10 ya mwaka 2015, iliyokuja ikiwa imeruhusiwa kupakia masasisho kwenda kwenye kompyuta za watu wengine kupitia intaneti ya mwenye kompyuta. Watu walipogundua wakawaka. Zote mbili ziliwashwa bila kuuliza. Moja ilipita kimya, nyingine ikaleta kelele. Kilichoamua ni gharama.

Kwetu gharama ni chaji, nafasi ya kuhifadhia, na hofu. Bando halimo, maana simu kwa simu haili bando, ingawa watu wengi hawaamini mpaka waonyeshwe. Kwa hiyo programu ya namna hii itoe faili pale tu simu iko kwenye chaji au betri imevuka nusu, isiguse data kamwe, na itumie nafasi ile tu ambayo mwenyewe ameikubali.

Baada ya hapo ndipo tuingize kudaiana, tena ndani ya kikundi. Upatu unadumu kwa sababu Jumamosi ijayo mtaonana tena, na anayekula zamu yake akaingia mitini anajulikana kwao. Hosteli, kijiwe cha bodaboda, mabanda ya sokoni, walimu wa kata moja: hao simu zao zinakutana kila siku. Hapo huhitaji sarafu wala kijisehemu maalumu. Daftari dogo la nani katoa MB ngapi linatosha.

Nawasilisha. Wataalamu wa mitandao, mafundi na watumiaji wa kawaida, karibuni.

#2 Fundi Simu Mwanza

Mkuu, elimu nzuri, ila acha nikupe hali ya mezani kwangu.

Simu nyingi zinazokuja hapa ni za GB 16 au 32, na mteja analalamika imejaa. Nikifungua nakuta video za magrupu tangu mwaka juzi. Huyo ukimwambia atenge hata MB 500 kwa ajili ya wenzake atakuangalia mara mbili.

Pili, simu hizi za bei rahisi zinaua programu zinazofanya kazi chinichini. Mtu akizima skrini, baada ya dakika chache programu yako imezimwa ili kulinda betri. Toka Android 10 programu ya kawaida haiwezi hata kujiwashia Wi-Fi yenyewe, lazima mwenye simu abonyeze. Kwa hiyo hilo la simu kupeana zenyewe tukiwa tunapiga soga, kwa simu tulizo nazo, halipo.

Tatu, ruhusa. Kwa miaka mingi Android ilidai ruhusa ya eneo ulipo ili programu itafute simu za jirani. Mteja anaona "inataka kujua uko wapi", anabonyeza kataa, halafu anakuja kuniambia Xender imeharibika. Nimewafafanulia wengi sana hili, na wengi wao bado hawana imani.

#3 Mleta uzi

Fundi, asante sana, hizi ndizo taarifa nilizozitaka.

Kwenye programu kuuliwa nakubaliana nawe kabisa. Ndiyo maana naona tuache ndoto ya simu kupeana saa 24. Kuna nyakati ambazo simu iko macho na mwenyewe karidhika: usiku ikiwa kwenye chaji, au watu wamekusanyika kwa jambo moja. Kwa hosteli, usiku peke yake unatosha. Simu mbili zilizolala vyumba jirani zina masaa sita ya kupeana, tofauti na zile za stendi zenye dakika mbili.

Kwenye nafasi, hapo ndipo kukata faili vipande kunasaidia. Huhitaji kubeba kozi nzima kwa ajili ya wenzako. Beba vipande vichache ambavyo havipatikani sana hapo ulipo. BitTorrent inafanya hivyohivyo, inaanza kushusha kipande kilicho adimu zaidi ili kisipotee mwenye nacho akiondoka.

#4 Mzee wa Torrenti

Mleta mada, umeisifia nipe nikupe ya Cohen, na mimi ni shabiki wake wa siku nyingi, lakini iseme yote. Mwaka 2006 watu wa chuo cha ETH Zürich, Uswisi, walitengeneza BitThief, programu inayoshusha bila kutoa hata baiti moja, na ikafanikiwa. Inaishi kwa ile bahati nasibu ya kila sekunde 30 na kwa ukarimu wa waliomaliza kushusha. Mwaka 2007 watu wa Chuo Kikuu cha Washington wakaleta BitTyrant, ambayo inatoa kidogo iwezekanavyo ili ipewe kingi iwezekanavyo. Nayo ikafanya kazi.

Sasa jiulize, mbona BitTorrent haikufa? Jibu langu ni kwamba watu wengi hutumia programu kama ilivyokuja. Mwenye muda wa kutafuta programu ya wizi ni mmoja kati ya wengi, na mfumo unaweza kumbeba. Gnutella ilimwachia mtu achague folda ya kugawa, na asipochagua hagawi. BitTorrent ukianza kushusha umeshaanza kutoa. Kwangu mimi hilo limefanya kazi kubwa kuliko hesabu zote za kufungia mlango.

Penye udhaifu ni mwisho wa safari. Mtu akishapata faili lake lote anafunga programu, na hakuna sekunde 10 itakayomkamata. Ndiyo maana yalizuka magrupu ya torrenti ya mwaliko, yanayokudai uwiano: umeshusha GB 10, unatakiwa kurudisha kiasi fulani au unatolewa. Hilo ndilo daftari lako la upatu, mkuu, na naweza kukuthibitishia kuwa linafanya kazi kwa sababu kupata mwaliko ni kazi. Mtu anaogopa kufukuzwa. Grupu ambalo kuingia ni bure na jina jipya ni bure, daftari lake halina meno.

#5 Mleta uzi

Mzee wangu, umenena. Hilo la mwaliko nalichukua zima zima: mwanachama mpya adhaminiwe na aliyemo, na akiharibu, mdhamini wake apunguziwe.

#6 Wa Nairobi

Niaje wadau. Huku kwetu BRCK, kampuni ya teknolojia ya Nairobi, walijaribu njia nyingine na Moja Wi-Fi. Waliweka kifaa ndani ya matatu, na ndani yake kulikuwa na hifadhi iliyojaa muziki, video na vitabu. Abiria alikuwa akiunganisha simu bure na kucheza vitu vilivyo mlemle ndani ya gari, hakuna kupitia mnara kila saa. Gharama ililipwa na wenye matangazo na tafiti; wewe abiria ulitazama tangazo au ulijibu maswali ndio uongezewe muda.

Naisema kwa sababu inakwepa hilo swali lenu lote la nani achome chaji yake. Mwenye kubeba mzigo ni gari, na gari lina betri yake. Simu ni ya kupokea tu.

#7 Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, mfano mzuri, na kwa njia za matatu na daladala naona unafaa kuliko simu kwa simu. Wasiwasi wangu ni kwamba kilichomo ndani ya kisanduku kinaamuliwa na mwenye kisanduku. Notsi za mhadhiri wa chuo fulani, au video ya bwana shamba inayoonyesha viwavijeshi kwenye mahindi ya wilaya moja, haziingii kwenye gari la jiji. Hizo zimo mifukoni mwa watu wachache, na ndizo zinazohitaji kusambaa.

#8 Mhandisi wa Minara

Wakuu, nafanya kazi upande wa kampuni za simu, kampuni yenyewe siitaji. Nyote mnaongea kana kwamba kampuni hazimo kwenye mada. Zimo.

Teknolojia ya simu kuongea na simu chini ya uangalizi wa mnara iliingia kwenye viwango vya 4G, toleo la 12 la 3GPP (chombo kinachoandika viwango vya mitandao ya simu), na ililengwa zaidi kwa vikosi vya uokoaji. Watu wa kawaida haikuwafikia. Sababu mnaijua: sisi tunauza MB. Wewe ukimpa jirani yako video, mimi nimekosa mauzo.

Lakini kuna mahali hesabu inageuka. Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, watu elfu hamsini na kitu wanataka kurudia goli lilelile dakika ileile. Mnara unazidiwa, mteja anaona mtandao wetu mbovu, na kuongeza mitambo kwa ajili ya siku chache za mwaka ni hasara. Hapo kampuni ingefurahi simu mia moja zishushe hilo goli na nyingine zirushiwe na jirani. Na tuna kitu ambacho nuglet za Uswisi hazikuwa nacho: daftari tayari lipo, na laini zimesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole. Mtu hawezi kujifanya watu elfu kirahisi. Aliyegawa MB 100 anapewa MB 20 za bonasi. Kwisha kazi.

#9 Kijana wa Sarafu

Naunga mkono mhandisi. Mtu alipwe tu. Mambo ya upatu na kujuana ni ya wazee. Weka tokeni, yaani sarafu ya kidijiti, kila anayetoa faili anapata, soko litajipanga lenyewe.

#10 Mleta uzi

Mdogo wangu, itazame Helium kwanza. Walianza Marekani mwaka 2019: weka kifaa cha redio dirishani kwako, pokea tokeni kwa kusambaza mtandao. Vifaa vikajaa duniani kwa mamia ya maelfu. Ila mfumo ulikuwa ukilipa zaidi kwa kuthibitisha kwamba upo kuliko kwa huduma ambayo mtu kaitumia kweli, na wakatokea waliodanganya mahali vifaa vyao vilipo ili wavune. Unapata kile unacholipia. Ukilipa kwa kila MB iliyorushwa, kesho nina simu mbili mezani zinarushiana faili moja usiku kucha.

Mhandisi, hoja yako ya uwanjani ina uzito, na ile ya laini kusajiliwa inajibu tatizo la Douceur vizuri kuliko chochote nilichoandika pale juu. Naiona ikifanya kazi kwa sharti moja: bonasi itolewe pale ambapo aliyepokea ndiye anathibitisha, naye awe mteja mwingine halisi, na kuwe na kikomo kwa siku kwa kila jozi ya simu. Bila kikomo ndugu wawili wataigeuza mashine ya kuchapa MB.

Na kwa siku za kawaida bado sioni kampuni ikikubali. Kwa hiyo tusiwasubiri.

#11 Dada wa Tanga

Kaka zangu, mnahesabu chaji na MB, hofu mmeipitia juujuu. Mimi nitaongea kama mwanamke anayepanda basi.

Simu inayopokea vitu kutoka kwa mtu yeyote aliye karibu ni mlango wazi. Wanawake nchi nyingi wametumiwa picha za uchi kwa AirDrop, njia ya iPhone ya kurushiana mafaili, ndani ya treni na watu wasiowajua, mpaka mwishoni mwa 2022 Apple wakaweka kwamba ukiruhusu kila mtu akutumie, ruhusa inajifunga baada ya dakika 10. Mnataka turudi nyuma?

Halafu faili lenyewe ni salama? Februari 2021 kampuni ya usalama wa mitandao ya Trend Micro walitangaza mianya mikubwa ndani ya SHAREit ya Android, programu iliyokuwa imeshushwa zaidi ya mara bilioni moja. Bridgefy nayo, ambayo waandamanaji wa Hong Kong waliikimbilia 2019 kwa sababu inatuma ujumbe simu kwa simu, Agosti 2020 watafiti wa Royal Holloway, London, walionyesha kuwa ujumbe wake unasomeka na watumiaji wake wanaweza kufuatiliwa. Watu walihatarisha maisha yao wakidhani wamejificha. Na Uganda Januari 2021 intaneti ilipozimwa siku tano wakati wa uchaguzi, watu wangeweza kukimbilia programu yoyote inayoahidi kufanya kazi bila mtandao. Siku kama hiyo hakuna anayekagua usalama.

Mimi sigawi kwa sababu naogopa. Mkinipa MB 20 za bonasi bado nitaogopa.

#12 Mzee wa Torrenti

Dada, kwa upande wa faili kuchezewa dawa ipo, na ni ya zamani. Kila kipande cha torrenti kina alama yake ya hesabu iliyoandikwa kwenye orodha ya mwanzo. Kikija kimebadilishwa hata herufi moja, alama hailingani, kinatupwa. Ukiamini orodha, huhitaji kumwamini aliyekuletea kipande. Google nao mwaka 2018 walianza kuweka alama ya uthibitisho ndani ya APK (mafaili ya kusakinisha programu za Android) za Play Store, ili hata ukirushiwa programu na rafiki bila mtandao simu ijue ni yenyewe au imechezewa.

Kwa picha za uchi sina dawa ya hesabu.

#13 Mleta uzi

Dawa yake ni simu isipokee kitu ambacho mwenyewe hakukiomba. Dada, umeniongezea kitu cha msingi kabisa. Simu isimame pale na kusema: nahitaji vipande hivi vya orodha hii iliyosainiwa na mwalimu fulani. Mwenye navyo anavileta, alama inakaguliwa, basi. Hakuna sanduku la kupokelea lolote, hakuna jina la mtu linaloonekana, hakuna picha ya mtu. Na orodha za kuomba zibaki ndani ya kikundi, maana hata kujua fulani anaomba faili gani ni kumchungulia.

Hapo hofu inapungua kwa muundo wenyewe. Kuwabembeleza watu wawe na imani sitaki, imani inakuja yenyewe wakiona hakuna kinachoingia bila wao.

#14 Bongo Fleva Damu

Na wasanii je? Mkirahisisha hivi, muvi na nyimbo zitagawanwa hadi basi.

#15 Mleta uzi

Mkuu, zimeshagawanwa miaka yote, kwa flashi na kwa maduka ya kuingiza nyimbo. Orodha iliyosainiwa inasaidia hata hapo, kwa sababu kikundi kinaamua kinabeba orodha za nani. Mimi nazungumzia notsi, mitihani iliyopita, Wikipedia ya Kiswahili ya Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao), mafunzo ya kilimo na afya. Msanii anayetaka wimbo wake usambae bure asaini orodha yake.

#16 Mwalimu wa Kibondo

Habari zenu ndugu. Nimeusoma uzi wote taratibu, mtandao huku ni wa kuvizia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwenye kata yetu walimu tunakutana kwenye vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mmoja wetu huwa anaenda mjini, anashusha video za masomo na vitabu, halafu kwenye kikao kila mtu anamzunguka: nirushie na mimi, nirushie na mimi. Simu yake inafika asilimia 10 kabla ya nusu ya watu kupata. Mara ya mwisho alikasirika akasema hatashusha tena, bando lake, chaji yake, na bado tunamlaumu kwamba hakumaliza. Na kusema kweli ana haki.

Shule mbili kati ya zetu zina umeme wa jua. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo ni simu za walimu tu, kama ishirini na kitu. Nifanye nini kesho, kwa simu hizihizi, bila kusubiri kampuni wala programu mpya?

#17 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo kwa kazi hiyo. Hali yako ndiyo hasa mada, na unaweza kuanza bila programu mpya.

Huyo mwenzenu anabeba gharama tatu peke yake: bando la mjini, chaji, na muda wa kuzungukwa. Mlipeni la kwanza kwa hela, mchango wa walimu wote kabla hajaondoka, maana hilo ndilo pekee linalotoka mfukoni moja kwa moja. La pili na la tatu yagawanyeni.

Asimrushie kila mtu. Gawanya mzigo kabla ya kikao: fizikia kwa mmoja, kemia kwa wa pili, Kiswahili kwa wa tatu, na kuendelea. Yeye arushe mara nne au tano tu, kwa watu ambao simu zao zimefika na chaji. Hao wakimaliza kupokea wanakuwa wagawaji kwa wengine, wakati yeye kaweka simu mfukoni. Kwa kila somo, wenye nalo wakiongezeka mara mbili kila mzunguko, watu ishirini na kitu mnamalizika kwa mizunguko mitano, na hakuna simu inayotuma somo hilo zaidi ya mara tano. Kilicho adimu kitangulie: faili ambalo yupo nalo mtu mmoja tu lirushwe kwanza, vinginevyo akiondoka mapema limeondoka naye.

Sheria ya daftari iwe nyepesi: aliyepokea leo ndiye anarusha kwanza kikao kijacho. Msitoze faini. Andikeni tu majina kwenye karatasi mnayosaini mahudhurio, safu moja ya "kapokea" na moja ya "katoa". Mzee wa Torrenti kasema daftari lina meno pale ambapo kufukuzwa kunauma, na ninyi mnaonana kila mara, kwa hiyo karatasi inatosha.

Kwa shule mbili zenye umeme wa jua, wekeni simu moja ya zamani kila shule, hata yenye kioo kilichopasuka, iwe na kadi ya kumbukumbu na ikae kwenye chaji muda wote na nakala ya kila kitu. Mwalimu aliyekosa kikao anapita hapo. Hiyo simu haina mwenyewe wa kulalamika, kama zile kola za Laikipia.

Kwa usalama, yule anayeshusha mjini aandike orodha ya mafaili na ukubwa wa kila moja kwa MB, muibandike ofisini. Faili lisilolingana na orodha lisifunguliwe, hasa likiwa APK. Orodha haitamzuia mjanja, ila itapunguza takataka nyingi zinazosafiri na mafaili.

Anza na somo moja kwenye kikao kijacho, kisha utuletee mrejesho hapahapa: nani alikwama, simu zipi zilikataa kuunganika, na ilichukua muda gani mpaka mtu wa mwisho akapata. Fundi wa Mwanza yupo, kwenye simu zilizokataa atakusaidia.

#18 Fundi Simu Mwanza

Nipo. Mwalimu, andika aina ya simu na toleo la Android la kila moja, kisha niletee hapa. Na kabla ya kikao wambie wote wawashe eneo na Wi-Fi wenyewe kwa mkono, na wazime kile kipengele cha kubana betri kwa hiyo programu ya kurushia. Mengi yanayokwama hukwamia hapo.